Kamera Ndogo ya Dijitali: Kwa Nini Betri Ziliisha Upesi na Picha Zikageuka Zambarau

Kati ya mwaka 2003 na 2010 hivi, kamera ndogo za dijitali zilianza kuonekana kwa wingi katika miji yetu ya mikoani. Huko Bombambili, katika Manispaa ya Songea, ziliingia mikononi mwa walimu, watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa sokoni na wapiga picha wa mitaani. Baadhi zililetwa na jamaa waliokuwa ng'ambo, na baadhi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Masimulizi ya waliozimiliki, ambayo nimeyasikia mara nyingi, yanafanana kwa namna ya kushangaza. Kwanza, betri ziliisha baada ya picha chache tu, ingawa zilikuwa mpya. Pili, kamera iliyokuwa nzima jana ilianza leo kutoa picha za rangi ya zambarau. Tatu, picha zilijitia tarehe za uongo, au zilipotea kabisa.

Wengi waliamini kwamba wameuziwa vitu vibovu. Wapo waliolaumu duka la betri, wapo waliomlaumu mtoto aliyeigusa kamera, na wapo walioitupa kamera kabatini, ambako ipo hadi leo pamoja na picha zilizomo ndani yake. Makala haya yanakusudia kueleza yaliyotokea, kwa kutumia Fizikia ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

KUTOKA FILAMU HADI NUKTA

Kabla ya hapo mpiga picha alitumia filamu, aghalabu ya picha 36. Hakuweza kuona alichopiga mpaka filamu iishe na kusafishwa, na mwenye picha alisubiri pamoja naye. Picha iliyoharibika ilijulikana siku ambayo harusi ilikuwa imekwisha kitambo.

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson katika kampuni ya Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ilitoa picha isiyo ya rangi yenye nukta 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha hiyo kwenye kaseti. Miaka 20 baadaye, yaani 1995, Casio ilitoa kamera iitwayo QV-10, ambayo mtu aliweza kuishika mkononi na kuitazama picha papo hapo kwenye kioo kidogo nyuma yake. Hata hivyo picha zake zilikuwa na nukta 320 kwa 240, kiasi ambacho hakitoshi kuchapa picha nzuri ya ukutani.

Kamera iliyofaa mfuko wa mtu wa kawaida ilichelewa kidogo. Mfano mzuri ni Canon PowerShot A60 na ndugu yake A70, zilizotangazwa mapema mwaka 2003. A60 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 250. Ilikuwa na nukta zipatazo milioni 2, ilitumia kadi ya kumbukumbu ya aina ya CompactFlash, na, jambo lililowavutia wengi hapa kwetu, iliendeshwa kwa betri nne ndogo za ukubwa ule ule wa betri za redio ndogo na saa za ukutani. Mnunuzi alijiambia kwamba betri hizo zinapatikana kila duka, hivyo hatapata taabu. Tutaona kwamba taabu yake ya kwanza ilianzia hapo hapo.

Leo kijana mwenye simu hucheka akisikia nukta milioni 2. Hebu na apige hesabu kabla ya kucheka. Picha ya A60 ilikuwa na nukta 1,600 kwa upana na 1,200 kwa urefu, jumla 1,920,000. Mashine nzuri ya kuchapa huweka nukta zipatazo 118 katika kila sentimita. Gawanya 1,600 kwa 118, utapata karibu sentimita 13.6, gawanya 1,200 kwa 118, utapata karibu sentimita 10.2. Huo ndio ukubwa wa picha ya postikadi, ambayo wateja wengi wa mpiga picha walikuwa wakiihitaji. Kwa picha za pasipoti nukta hizo zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo upungufu wa kamera hizi haukuwa katika idadi ya nukta.

NDOO ZA NURU

Nyuma ya lenzi ya kamera ya dijitali kuna kipande cha silikoni kiitwacho kihisi. Katika kamera tunazozizungumzia kihisi hicho kilikuwa cha aina ya CCD, uvumbuzi wa Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1969, ambao uliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Nuru inapoipiga silikoni, hung'oa elektroni kutoka mahali pake. Mwanga ukiwa mkali hung'olewa elektroni nyingi, ukiwa hafifu hung'olewa chache.

Msomaji na aufikirie ua wa shule siku ya mvua za Januari, uliojaa ndoo zilizopangwa kwa safu na mistari iliyonyooka. Kila ndoo inakinga mvua ya mahali pake tu. Mvua inapokatika, wanafunzi wanatakiwa kupima maji ya kila ndoo, lakini kipimo kipo kimoja tu, penye kona ya ua. Basi kila mstari unapokezana maji: ndoo ya mwisho inamiminwa kwenye kipimo na kuandikwa, ile ya nyuma yake inamiminwa katika iliyobaki tupu, na kuendelea hivyo mpaka ua mzima umeandikwa daftarini. Kihisi cha CCD hufanya kazi namna hiyo hiyo. Ndoo ni nukta, maji ni elektroni, na daftari ni kadi ya kumbukumbu. Elektroni za nukta moja zinapita katika makao ya jirani zake, moja baada ya nyingine kwa mpangilio usiokosewa, hadi penye kipimo.

Mfano huu unaeleza mambo kadhaa waliyoyaona wenye kamera. Ukielekeza kamera kwenye jua au taa kali, ndoo za hapo hufurika na maji humwagikia za jirani, ndipo mstari mweupe wa wima unapotokea kwenye kioo. Ukipiga picha usiku bila flashi, ndoo zina matone machache, na kosa dogo la kipimo huonekana kama chembechembe za rangi zilizotapakaa usoni mwa mtu. Joto nalo hung'oa elektroni pasipo nuru yoyote, na elektroni hizo huongezeka takriban mara mbili kila joto la kihisi linapopanda kwa nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi.

Elektroni hazina rangi. Ili kupata rangi, kila nukta hufunikwa kwa kichujio kidogo: nusu ya nukta zote huwekewa cha kijani, robo chekundu, na robo cha buluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta hukadiriwa na kamera kwa kuzitazama nukta za jirani. Tukumbuke jambo hili tutakapofika kwenye picha za zambarau.

MKASA WA BETRI

Hapa napenda tukae kidogo, kwa kuwa ndipo kamera hizi zilipopata sifa mbaya zisiyoistahili.

Mwenye kamera alinunua betri nne za bei rahisi, za zinki na kaboni, akazitia, akapiga picha tano au kumi, kamera ikazima. Alipozitoa na kuzitia katika redio, redio ikaimba kwa siku nyingi. Kama redio inaimba, betri si nzima? Na kama betri ni nzima, kamera si mbovu? Hoja inaonekana kamili, lakini imesahau ukinzani wa ndani.

Kila betri ina ukinzani ndani yake yenyewe. Mkondo unapopita, sehemu ya volti hupotelea humo humo, na kiasi kinachopotea ni zao la mkondo na ukinzani huo, kama Sheria ya Ohm inavyosema. Redio ndogo hutumia mkondo mdogo sana, tuseme ampea 0.03. Kamera hutumia mkondo mkubwa, kwa kuwa inaendesha mota ya kusogeza lenzi, taa ya kioo cha nyuma, na kapasita ya flashi inayojazwa hadi kufikia volti 300 hivi. Tuseme ampea 1.

Sasa tuchukue betri nne za zinki na kaboni, kila moja ina volti 1.5 na ukinzani wa ndani wa omu 0.5. Jumla ni volti 6 na omu 2. Mkondo wa ampea 1 unapopita, volti 2 hupotea na kamera hubakiwa na 4, ambazo huenda zisiitoshe. Baada ya kutumika kidogo ukinzani hupanda. Ukifika omu 1 kwa kila betri, zinapotea volti 4 na kamera inabakiwa na 2. Hapo lazima izime. Redio inayotumia mbili kati ya betri hizo hizo zilizochoka hupoteza volti 0.06 tu, wala haitambui kwamba kuna lililotokea.

Betri za alikali zina ukinzani mdogo zaidi, hivyo zilifaa, ila bei yake ilikuwa kubwa. Zilizofaa kuliko zote ni za kuchaji, za nikeli na hidridi. Jambo hili liliwatatiza wengi, maana betri hizo zina volti 1.2 tu kila moja, nne ni volti 4.8. Inakuwaje volti 4.8 zizishinde volti 6? Ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno, tuseme omu 0.03. Kwa mkondo wa ampea 1, betri nne hupoteza volti 0.12 tu, na kamera hupata 4.68. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi tofauti kati ya volti za betri iliyotulia na volti za betri inayofanya kazi, hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Wapo waliozianika betri juani, kama wazee walivyofanya na betri za redio. Wanaodharau desturi hiyo wanakosea, na wanaoitegemea wanakosea pia. Joto huharakisha mwendo wa ayoni ndani ya betri na kupunguza ukinzani wake kwa muda, kwa hiyo betri huamka kweli. Lakini haiongezewi nishati yoyote. Inaharakishwa kutoa kile kidogo kilichobaki. Redio inaweza kupata jioni moja zaidi. Kamera itapata picha moja au mbili.

Betri za kuchaji nazo zilihitaji umeme, na chaja za bei nafuu zilitaka usiku mzima. Katika miaka hiyo Songea ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na kukatika kwa umeme hakukuwa habari. Gridi iliufikia mji huo mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Isitoshe, betri za nikeli na hidridi za wakati ule zilivuja chaji zenyewe zikiwa zimekaa tu, hata robo yake kwa mwezi mmoja. Mtu aliyezichaji Jumapili ya Krismasi akazitegemea Pasaka hakuwa na budi kuaibika.

PICHA ZA ZAMBARAU

Malalamiko ya pili ni mazito zaidi, kwa kuwa hayakutokana na matumizi ya mwenye kamera. Kioo kilianza kuonyesha picha yenye rangi ya zambarau, au yenye mistari, au nyeusi kabisa. Picha za zamani, zilizokuwa kadini, zilionekana vizuri kwenye kioo hicho hicho.

Kabla ya kusoma zaidi, mwanafunzi na ajiulize: ugonjwa uko wapi? Kama picha za zamani zinaonekana sawasawa, basi kioo ni kizima, kadi ni nzima, na mashine ya kuzisoma picha ni nzima. Yamebaki mambo yanayotangulia uandishi wa picha: lenzi, kilango cha nuru na kihisi. Lenzi yenye kasoro hutia ukungu au vivuli, haibadilishi kijani kuwa zambarau. Kilango kilichokwama kikiwa kimefungwa hutoa picha nyeusi, hakitoi mistari ya rangi. Kinachobaki ni kihisi, ambacho, kama tulivyoona, hutegemea maji ya kila ndoo yafike kwenye kipimo kwa zamu yake. Aliyejifunza kuchanganya rangi za nuru atatambua pia kwamba zambarau ni nyekundu na buluu zilizokosa kijani. Hesabu ya nukta imevurugika.

Fikira hiyo ilithibitishwa mwaka 2005. Mwezi Oktoba mwaka huo Canon ilitangaza kwamba kamera zake kadhaa, zikiwemo A60, A70 na A75, zilikuwa na vihisi vya CCD vilivyoweza kuharibika, na kwamba ingevitengeneza bila malipo. Vihisi hivyo vilitengenezwa na Sony, na kwa hiyo Nikon, Fujifilm na kampuni nyingine zilizovinunua zilitoa matangazo kama hayo. Kasoro ilikuwa katika miunganisho ya ndani ya kihisi, ambayo iliweza kuachana. Canon ilisema kwamba kasoro hiyo ilielekea zaidi kutokea kamera ikitunzwa au kutumiwa mahali penye joto na unyevu.

Joto na unyevu! Kwa mtu wa Tanga au Mtwara hayo ni maelezo ya nyumbani kwake mwaka mzima. Songea ipo juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na joto lake si kali. Lakini kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ni nyingi na nguo hukataa kukauka, na kamera iliyoachwa chini ya bati au mbele ya gari lililoegeshwa juani hupata joto lake lenyewe. Kipupwe nacho kina hatari yake: kamera iliyopoa usiku wa Juni au Julai ikiingizwa katika ukumbi wenye watu wengi na hewa ya joto, mvuke huganda juu yake na ndani yake kuwa matone, kama kwenye chupa ya soda baridi.

Mwenye kamera aliyekuwa karibu na wakala alipata kihisi kipya. Aliyekuwa Bombambili, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, alikuwa na nafasi ndogo hata ya kulisikia tangazo lenyewe. Hili si kosa la Fizikia, bali ni la namna habari za bidhaa zinavyosafiri, na nadhani halijatengemaa sana mpaka sasa.

Kiangazi kilikuwa na ugonjwa wake, vumbi jekundu. Chembe moja iliyoingia katika mirija ya lenzi iliikwamisha, na kamera nyingi za Canon za miaka hiyo ziliandika E18 kwenye kioo na kugoma.

NYUSO ZILIZOTIWA GIZA

Lalamiko dogo: kamera inawafanya watu kuwa weusi kuliko walivyo. Kamera haijui inatazama nini. Inadhani kwamba mandhari yoyote hurudisha wastani wa asilimia 18 hivi ya nuru inayoiangukia, na hupanga mwanga kwa kufuata dhana hiyo. Bibi harusi mwenye shela jeupe, au watu waliosimama mbele ya anga nyeupe ya masika, huifanya idhani nuru ni nyingi mno, nayo huipunguza; nyuso nyeusi ndizo zinazolipa. Dawa ni kuwasha flashi hata mchana, au kuongeza kipimo cha mwanga kwa hatua moja. Wapiga picha wa Bombambili waliigundua dawa hiyo kwa mazoea.

TAREHE ZA UONGO NA PICHA ZILIZOFUTWA

Saa ya kamera hutunzwa na betri ndogo mviringo mfano wa kitufe. Ikiisha, kila mara betri kubwa zinapotolewa kamera husahau tarehe na kurudi kwenye ile iliyowekwa kiwandani. Hivyo picha ya ubatizo wa mwaka 2007 inaweza kujiandika 2003, na familia ikaamini maandishi kuliko kumbukumbu. Tarehe ya namna hiyo isitumiwe kuthibitisha umri wa mtoto wala mpaka wa kiwanja. Ushahidi mwingine upo: namba za picha kwa kawaida hupanda kwa mfululizo hata saa ikipotea, na vitu vilivyomo pichani havidanganyi. Mahindi yenye mbelewele nyuma ya waliopigwa hayawezi kuwa ya Septemba. Yanaafiki picha ya kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji, inayofanyika Songea kila tarehe 27 Februari.

Ama picha iliyofutwa, mara nyingi haijaondoka. Kadi ina orodha ya majina ya picha na mahali zilipo. Kufuta hubadilisha herufi ya kwanza ya jina kuwa alama maalumu na kuitangaza nafasi hiyo kuwa wazi; nukta zenyewe hubaki mahali pake, kama mwanafunzi aliyekatwa jina kwenye rejesta lakini bado ameketi darasani. Picha mpya ikiandikwa juu yake, ndipo anapotolewa. Kwa hiyo aliyefuta kwa bahati mbaya asipige picha nyingine kwa kadi hiyo. Aipeleke kwa mtu mwenye kompyuta na programu ya kurudisha mafaili.

KAMERA ILIYOPO KABATINI

Atakayeitoa kamera ya namna hii kabatini aanze na betri. Za alikali zilizovuja huacha unga mweupe uliotokana na potasi, nao huunguza ngozi na macho. Usafishwe kwa kitambaa chenye siki kidogo, mikono ikiwa imefunikwa. Kamera isifunguliwe kwa bisibisi, maana kapasita ya flashi inaweza kutunza chaji ya hatari hata betri zikiwa zimetolewa. Kadi itolewe na picha zinakiliwe mahali pawili kabla ya jaribio lolote.

Kisha zitiwe betri za kuchaji zilizojaa, na kamera iwashwe ndani ya chumba chenye giza kiasi. Mwanafunzi mmoja ashike rimoti ya televisheni, aielekeze kwenye lenzi, na abonyeze kitufe chochote. Wote waitazame taa ndogo iliyo mbele ya rimoti, kwanza kwa macho yao, halafu kwenye kioo cha kamera. Kwa macho hawataona kitu. Kwenye kioo, kama kihisi bado kizima, wataona taa ikimeta nyeupe yenye dalili ya zambarau, kwa kuwa silikoni huhisi mionzi iliyo chini ya nyekundu ambayo jicho la mtu haliioni, na kichujio kilichowekwa kuizuia hakiimalizi yote.